Macho Matatu Yafika Katesh: Bei ya Dunia Nzima, Huduma za Nchi Chache

Kuna jamaa mmoja Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, anasemwa vibaya kwenye magrupu ya WhatsApp kuanzia Babati mpaka kwao Mbulu. Hajamwibia mtu hela, hajamtelekeza mke, hajadaiwa akazima simu. Kosa lake ni moja tu: kaacha kununua iPhone 17 Pro Max. Ile macho matatu ya rangi ya chungwa, ambayo mji mzima ulijua yeye ndiye angekuwa wa kwanza kutembea nayo.

Maneno yakaanza. "Mwana kafulia." "Kashazeeka huyo, teknolojia imempita." "Sungura na ndizi zake, eti sizitaki mbichi hizi." Mrembo mmoja wa Insta, ambaye hata Mlima Hanang hajawahi kuuona kwa macho, akaandika kwamba mwanaume anayehoji bei ya simu anatafuta kisingizio tu. Mioyo myekundu ikamiminika chini ya maneno yake.

Wote hao wamepotea njia. Jamaa hela anayo, alishaiweka pembeni kabisa. Kilichomshinda ni hesabu. Simu hii inauzwa kwa bei ya dunia nzima, lakini vitu vingi vinavyotajwa kuihalalisha hiyo bei vinafanya kazi kwenye nchi chache tu, na Tanzania haimo. Mtu wa Katesh analipia simu nzima, anapewa kipande. Halafu anaambiwa ashukuru kwa sababu kinang'aa.

Huyu sio mtu wa kuchukia simu

Wanaomwita mshamba hawamjui. Huyu ni mtu wa simu tangu enzi za Nokia 1100, ile ya tochi iliyotoka mwaka 2003, wakati watu wa Mbulu walikuwa wanapanda kilimani kutafuta mtandao huku wameinua mkono juu kama wanaomba mvua. Akapita kwenye Tecno, akapita kwenye Samsung, akaja kwenye iPhone. Mwezi Juni 2016, TCRA ilipozima simu feki, yeye ndiye aliyekuwa anawafundisha watu mnadani kubonyeza *#06# na kuhakiki namba zao kabla hazijazimwa. Hakumtoza mtu hata mia.

Mpaka leo mtu akitaka kununua simu Katesh au Dongobesh, kwanza anampigia huyu jamaa. Kila Septemba Apple wakizindua toleo jipya anakaa macho. Kule California inakuwa saa 4 asubuhi, hapa Bongo ni saa 2 usiku, na yeye kashanunua bando na kuchaji simu tangu mchana. Tarehe 9 Septemba 2025 alikaa vilevile. Akaangalia mwanzo mpaka mwisho. Ila safari hii, badala ya kuhesabu siku za kuipata, akaanza kuandika orodha ya vitu ambavyo havitafika Hanang.

Shabiki wa namna hii akisita, mwenye akili anamsikiliza kwanza. Asiyependa mpira akisema timu mbovu, puuza. Aliyekaa jukwaani miaka ishirini akisema timu mbovu, kuna kitu kakiona.

Twende kwenye hesabu

Bei ya kuanzia ya iPhone 17 Pro Max kule Marekani ni dola 1,199, kabla ya kodi yao. Ukiichukulia dola kwa shilingi 2,500, hapo tayari ni karibu shilingi milioni 3. Bado ushuru, bado usafiri, bado faida ya aliyeileta Kariakoo, bado faida ya aliyeitoa Kariakoo kuipeleka Arusha, na wa Arusha kuileta Babati. Ikifika chini ya Mlima Hanang bei imepanda kuliko mlima wenyewe.

Hiyo hela kwa watu wa Hanang na Mbulu ina sura. Ni bodaboda. Ni mtamba zaidi ya mmoja pale mnadani. Ni mbegu, mbolea na vibarua wa shamba la kitunguu swaumu. Mtu wa Masaki anaweza kuiita hela ya wikiendi, sawa, ila aliyeitoa shambani anajua imetokana na miezi mingapi ya kuinamia tuta.

Na ukifungua boksi, kichwa cha chaja hakimo. Apple waliacha kukiweka tangu iPhone 12 mwaka 2020, wakasema wanalinda mazingira. Mazingira yamelindwa, na wewe ukalipie kichwa pembeni.

Vitu vilivyogoma kufika Hanang

Cha kwanza ni msaada wa setilaiti. Tangu iPhone 14 mwaka 2022, Apple wanatangaza kwamba ukikwama mahali pasipo na mtandao, simu itaongea na setilaiti na waokoaji wataambiwa ulipo. Kwenye matangazo yao utaona watu wapo milimani. Sasa Hanang ni mlima wa zaidi ya mita 3,400, kuna watu wanaishi miguuni pake na kuna wageni wanaupanda. Lakini huduma ile imefunguliwa Marekani, Kanada, Japani, Australia, sehemu ya Ulaya na nchi nyingine chache. Tanzania haimo. Ukiwa nayo juu ya Hanang, setilaiti inapita juu ya kichwa chako na simu yako haina ruhusa ya kuiita.

Hili Katesh halichekeshi. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka kwenye mlima huo, vikaingia Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Siku ya namna hiyo hakuna anayeuliza simu ina macho mangapi. Swali ni mawili tu: ina chaji? Inashika mtandao? Na kwa maswali hayo mawili, kiswaswadu cha elfu thelathini kinachokaa na chaji siku nne hakina sababu ya kuinamisha kichwa mbele ya mtu.

Cha pili ni akili mnemba. Tangu mwaka 2024 Apple wanaiuza simu yao kwa kusema ina akili yake yenyewe: inafupisha meseji, inakuandikia, inatafsiri. Kwa lugha gani? Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kijapani, Kikorea, na baadaye wakaongeza nyingine, Kinorwe kikiwemo. Kiswahili hakimo. Siri naye mpaka leo Kiswahili hajui. Norway yote ina watu kama milioni 5 na nusu. Wasemaji wa Kiswahili, kwa hesabu ya UNESCO, ni zaidi ya milioni 200.

Watu wa Mbulu wana haki ya kucheka hapo. Hospitali ya Haydom ilianzishwa mwaka 1955 na wamisionari kutoka Norway. Wale Wanorwe walikuja porini, hawakuwa na intaneti wala programu ya kutafsiri, wakakaa chini wakajifunza Kiswahili ili waongee na wagonjwa. Kampuni tajiri kuliko karibu zote duniani imeshindwa kuifundisha simu yake kitu ambacho mmisionari alijifunza kwa taa ya chemli. Wakati huohuo Gemini na ChatGPT zinajibu Kiswahili, tena zinafunguka kwenye simu ya laki tatu.

Cha tatu ni malipo. Kule kwao unagusisha simu kwenye mashine, umelipa. Apple Pay Tanzania haipo. Mwenye macho matatu akitaka kulipa nyama choma Katesh atabonyeza *150*00# kama bibi yake anavyobonyeza kwenye simu ya batani. M-Pesa ipo nchini tangu 2008 na haijawahi kumbagua mtu kwa simu aliyoshika.

Cha nne ni laini. Hapa ndipo wengi wanapigwa. Mzigo mwingi wa iPhone unaingia nchini kutokea Dubai, na nyingine zinatoka Marekani. Simu hizi za 17 zinazouzwa Marekani na Umoja wa Falme za Kiarabu hazina tundu la laini kabisa. Zinatumia laini isiyo na kadi, ile inayoitwa eSIM. Mitandao ya hapa nchini inayo, sawa, lakini fikiria maisha ya Hanang yalivyo. Simu ikizima, mtu anatoa laini yake, anaichomeka kwenye kiswaswadu cha jirani, anapokea hela ya mteja, anairudisha. Akienda upande ambako mtandao mmoja haushiki, anachomeka laini nyingine. Hiyo kadi ndogo ndiyo uhuru wake. Sasa kauziwa simu ya mamilioni, na betri ikiisha namba yake imefungiwa ndani kama kuku kwenye banda.

Cha tano ni matengenezo. Duka rasmi la Apple halipo hata moja Afrika nzima, achilia mbali Katesh. Kioo kikipasuka, ni wewe na fundi wako. Na fundi akibadilisha betri au kioo kwa kifaa kisichotambuliwa na kampuni, simu inaandika kwenye mipangilio kwamba kifaa hicho hakijulikani. Yaani fundi kakutengenezea vizuri, simu bado inafanya kazi, lakini imekuwekea doa la kushusha bei siku ukitaka kuiuza.

Hata kwenye fidia ni hivyohivyo. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba walikuwa wanapunguza kasi ya simu za zamani zenye betri iliyochoka. Kesi ikaenda, na mwaka 2020 wakakubali kulipa hadi dola milioni 500. Fidia hiyo ilikuwa ya wateja wa Marekani. Mtu wa Haydom aliyekuwa na simu ileile iliyopunguzwa kasi ileile hakupata hata vocha ya jero.

Na bado mtandao wenyewe. Mei 2023 serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini nchi nzima. Ni jambo zuri. Pia ni ushahidi kwamba maeneo mengi tatizo lake halijawahi kuwa simu. Ukiwa kwenye bonde ambako mnara haufiki, simu ya milioni nne na simu ya elfu arobaini zote zinaandika kitu kimoja: hakuna huduma.

Wanaoitetea nao wana hoja, zisikilizwe

Hoja ya kwanza ni kamera. Kweli, kamera ni nzuri, na kuna vijana wanapiga harusi na kutengeneza video kwa simu hizi na wanakula. Kama simu inakuingizia hela na umepiga hesabu ikakaa, nunua, hiyo ni mashine ya kazi kama cherehani. Lakini wangapi wanaoililia ni wapiga picha? Wengi wanapiga sahani ya chipsi na kioo cha saluni, halafu wanatuma status, na WhatsApp inaibana ile picha mpaka huwezi kujua ilipigwa na simu gani.

Hoja ya pili ni kudumu. Watetezi wanasema iPhone inakaa miaka mingi na inaendelea kupata masasisho. Ni kweli kabisa. iPhone 11 ya mwaka 2019 bado ilipata toleo la mfumo la mwaka 2025. Huyo jamaa wa Katesh ndiyo anayoitumia, kaibadilisha betri mara moja, inadunda. Sasa hapo mtetezi kajifunga goli mwenyewe. Kama simu inadumu miaka sita au saba, mwenye ya mwaka juzi anakimbilia wapi? Sifa kubwa ya simu hii ndiyo sababu kubwa ya kutonunua nyingine mpya.

Hoja ya tatu haisemwi kwa sauti: heshima. Ukiweka macho matatu juu ya meza, wahudumu wanakuangalia tofauti. Warembo wanauliza jina lako. Hapa kuna ukweli unaouma, kwa sababu mji mdogo una macho mengi, na kijana aliyetoka shambani anataka naye aonekane. Hakuna ubaya kutaka kuonekana. Ubaya ni pale anayekuambia "bila hii hujatoboa" anapokuwa kapewa yake bure ili akuambie hivyo. Mastaa wa mtandaoni wanaweka simu kioni, wanataja duka, wanataja punguzo, na neno "tangazo" halionekani popote. Wewe unadhani ni maisha yake. Kumbe ni kazi yake, na wewe ndiye mshahara.

Dogo na hela ya mbegu

Sababu ya haya yote kuwa makubwa kwa jamaa ni mdogo wake. Dogo analima kitunguu swaumu Mbulu, shamba la kukodi. Anayejua zao hilo anajua kwamba mbegu ni punje zenyewe. Ukizila au ukiziuza zote, msimu ujao unaanza kwa kununua. Dogo alivuna, akauza vizuri, akatenga hela ya msimu unaofuata. Halafu akaona simu ya rangi ya chungwa.

Kuna duka lilimwambia aweke hela ya mbegu kama kianzio, baki atalipa kila wiki. Asipolipa, simu inajifunga. Bei ya kitunguu inaweza kushuka, mvua inaweza kuchelewa, deni la kila wiki halijui mambo hayo. Na dogo hakwenda dukani moja kwa moja. Kama watu wote wa upande ule, alimpigia kaka yake kwanza.

"Kaka, wewe si ndio ulinifundisha hizi vitu? Wewe unachukua ya rangi gani?"

Hapo ndipo shabiki wa miaka ishirini alipobanwa. Kama angenunua yake, hata kwa hela yake halali, lile lingekuwa jibu tosha kwa dogo na kwa wengine wote waliokuwa wanamsubiri aanze. Mtu akishakuwa mshauri wa mji, mfuko wake haubaki wake peke yake. Akamsomea dogo orodha, kitu kimoja kimoja: setilaiti, lugha, malipo, laini, fundi. Akamwambia yeye hachukui rangi yoyote.

Dogo alikasirika. Alimwambia kaka anamwonea wivu, akakata simu, na ndiye aliyeanza kusema kwenye grupu la ukoo kwamba bro kafulia. Kutoka hapo maneno yakasambaa. Kwa hiyo yule anayetukanwa mtandaoni kwamba hana hela ana hela, na anayetukana alikuwa anakaribia kuweka rehani msimu mzima kwa ajili ya kamera. Mpaka sasa mbegu haijauzwa na simu haijanunuliwa. Ndugu wawili hawaongei vizuri. Hiyo ndiyo bei nyingine ya simu hii, na haimo kwenye zile dola 1,199.

Acheni kumwita mshamba

Kuna tabia Bongo ya kudhani kuhoji ni umaskini. Mtu akiuliza bei ya sahani, hana hela. Akiuliza simu inafanya nini, mshamba. Makampuni yanaipenda sana tabia hiyo. Mteja anayeona aibu kuuliza ndiye mteja bora kuliko wote, maana unaweza kumuuzia mlango na usimpe ufunguo.

Kama Apple wanataka hela ya Hanang, na wauzaji wanaoiagiza wanataka faida ya Hanang, kuna jambo dogo la kufanya: waandike kwenye boksi, kwa Kiswahili, vitu ambavyo havifanyi kazi Tanzania. Au washushe bei kulingana na kilichobaki. Shati lisilo na mikono haliuzwi kwa bei ya shati zima, hata mnadani Katesh wanalijua hilo.

Na wewe unayejichanga, hela ni yako na hakuna wa kukupangia. Ila kabla hujaitoa, muulize muuzaji mambo matano. Hii ina tundu la laini? Setilaiti inaitika Tanzania? Akili yake inajua Kiswahili? Kioo kikipasuka naenda kwa nani? Na ya mwaka juzi, ambayo ni nafuu, inashindwa kufanya nini ambacho hii inafanya hapahapa ninapoishi?

Akiishia kukuonyesha kamera, umeshajibiwa.